Dondoo muhimu: Kuwatafuta mababu wa Uingereza

Anza na wazee walio hai, kisha rudi nyuma kizazi kimoja kimoja.

1. Fungua sensa ya 1921; ya 1931 iliteketea kwa moto.
2. Usiuamini umri wa sensa ya 1841: mtu wa miaka 34 kwa kawaida aliandikwa 30.
3. Ithamini ya 1851, inayotaja parokia aliyozaliwa mtu na uhusiano wake na mkuu wa kaya.
4. Kabla ya Julai 1837, usajili wa kiserikali ulipoanza, tegemea vitabu vya parokia, vilivyoanza 1538. Tarehe ya ubatizo si ya kuzaliwa!
5. Kabla ya 1752 mwaka ulianza Machi 25, hivyo Februari 1720 kitabuni ni 1721 kwetu.
6. Jaribu tahajia zote: Smith, Smyth, Smythe.
7. Usiishie kwenye faharasa. Soma ukurasa wenyewe.