Somo la Majilio: Vikate vya Asali kwa Sikukuu ya Noeli



Somo letu la mwezi huu ni la unga na asali. Huenda msomaji mmoja akauliza, Je, gazeti la kanisa lina shauri gani na mambo ya jikoni? Naye akifungua Biblia aweza kutuonyesha neno la nabii Yeremia, sura ya 7, mstari wa 18, ambapo watu wanakemewa kwa kuwa walikanda unga wakafanya mikate kwa ajili ya malkia wa mbinguni. Neno hilo ni kweli, wala hatulifichi. Lakini tulisome vizuri. Nabii hakukemea unga, wala hakukemea moto. Alikemea yule aliyepikiwa. Tena angalieni jambo jingine katika mstari huo huo: watoto waliokota kuni, akina baba wakawasha moto, wake wakakanda. Basi, ikiwa waabudu sanamu waliweza kugawana kazi hivyo, baba Mkristo wa Kabungu anayekaa kitini tarehe 24 Desemba na kungojea chai atatoa udhuru gani?

Mahali pengine Maandiko yanasema kwa furaha juu ya mikate ya sikukuu. Daudi alipolileta sanduku la Bwana Yerusalemu, aliwagawia watu wote, wanaume kwa wanawake, kila mtu mkate wake na andazi la zabibu (2 Samweli 6). Mana jangwani ilikuwa na ladha kama ya mkate mwembamba uliotiwa asali (Kutoka 16). Na jina la mji wa Bethlehemu, katika lugha ya Kiebrania, maana yake ni nyumba ya mkate.

Nasi Walutheri tuna habari yetu wenyewe katika jambo hili, nayo haijulikani sana. Zamani, katika nchi ya Ujerumani, siku za Majilio zilikuwa siku za kufunga. Watu walikatazwa kula siagi, hata mkate wa Noeli, uitwao Stollen, ulikandwa kwa maji na mafuta ya mbegu tu, ukawa mgumu usio na ladha. Watawala wa Saksonia walimwomba Papa ruhusa ya kutumia siagi, na mwaka 1491 Papa Innocent VIII akaitoa. Lakini ruhusa ile ililipiwa fedha. Martin Luther, alipowaandikia wakuu wa Ujerumani mwaka 1520, alilitaja jambo hilo kwa uchungu. Alisema kwamba huko Rumi wenyewe wanaucheka mfungo, nasi wanatuachia tule mafuta wasiyoweza hata kuyapaka viatu vyao, kisha wanatuuzia uhuru wa kula siagi. Basi yule aliyerudisha Injili katikati ya kanisa hakuona kuwa siagi ya mkate ni neno dogo mno asiliseme, maana aliona kwamba dhamiri za watu maskini zilifungwa ili mfuko wa mtu mwingine ujae. Tutalirudia jambo hili la mfuko hapa chini, maana linatuhusu.

Sasa tuje kwa vikate vyenyewe. Mji wa Nürnberg, ulioko kusini mwa Ujerumani, umejulikana tangu zamani kwa vikate vya asali vya Noeli, viitwavyo Lebkuchen. Waokaji wake wanatajwa katika maandiko ya mji tangu mwaka 1395. Kwa nini mji ule na si mwingine? Kwa sababu mbili. Ya kwanza, ulizungukwa na misitu mikubwa yenye nyuki wengi, hata warina asali wa misitu ile walipewa hati ya haki zao na Mfalme Karl IV mwaka 1350. Ya pili, mji ulikaa penye njia kuu ya wafanya biashara walioleta viungo kutoka mashariki: mdalasini, tangawizi, iliki na karafuu. Sukari ilikuwa ghali, lakini asali ilikuwa mlangoni.

Msomaji wa Kabungu, tafakari kidogo. Misitu ya miombo imeanza nyuma ya nyumba yako. Nchi hii ya Wabende, iliyohesabiwa kwanza katika Wilaya ya Mpanda, na leo katika Wilaya ya Tanganyika ya Mkoa wa Katavi uliofanywa mwaka 2012, ni nchi ya mizinga tangu mababu. Karafuu, ambazo wakati wa Nürnberg ya kale zilitoka visiwa vya Maluku, zimelimwa Unguja na Pemba tangu mwanzo wa karne ya 19. Iliki inatoka Usambara. Karanga unazo ghalani. Kwa hiyo vikate hivi vya Kijerumani ni chakula ambacho vitu vyake karibu vyote vinatoka katika nchi yetu kuliko kwao. Kitu cha kununua hasa ni unga wa ngano, nao si mwingi.

Haya, vipimo ndivyo hivi. Unga wa ngano kilo 1, asali nusu kilo, sukari gramu 150, samli au siagi gramu 150, mayai 2, karanga zilizokaangwa na kumenywa, robo kilo, zitwangwe kidogo tu zisiwe uji. Mdalasini uliosagwa vijiko vidogo 2, tangawizi kavu kijiko 1, karafuu nusu kijiko wala usizidishe, maana karafuu ikizidi huficha vyote na kuleta ladha ya dawa ya meno. Mwisho, magadi meupe ya unga yauzwayo madukani kwa kuokea, vijiko vidogo 2. Usiweke magadi yale ya mawe tunayopikia maharagwe. Hayana kipimo, na kikate kitakuwa na ladha ya sabuni.

Asali iwe safi, iliyochujwa kwa kitambaa. Ile iliyorinwa kwa mwenge wa moto mara nyingi ina harufu ya moshi na vipande vya majivu, na harufu hiyo haitoki katika kuoka. (Mwenge ule huua nyuki wengi pia, na mara nyingine huwasha pori zima, lakini hilo lastahili somo lake peke yake.) Weka asali, sukari na samli katika chombo, ukikalishe chombo hicho juu ya maji ya moto mpaka vyote viyeyuke. Visichemke. Acha vipoe hata kidole kiweze kustahimili, ndipo utie mayai yaliyopigwa. Ukiyatia mapema yatagandamana kama ya kukaanga. Unga uchekeche pamoja na viungo na magadi, uchanganye vyote, ukande. Kinyunya kitakuwa laini na kunata. Usiogope, wala usiongeze unga kwa haraka. Kifunike ukilaze usiku kucha mahali pa baridi, na asubuhi utakikuta kimeshikamana.

Magadi yafanya kazi gani? Asali ina uchachu kidogo, ijapokuwa ulimi hausikii kwa sababu ya utamu. Uchachu huo ukikutana na magadi hutoa hewa, na hewa hiyo ikipata moto huinua kikate na kukifanya chepesi. Na asali ina tabia ya kushika unyevu. Kwa sababu hiyo kikate cha asali siku ya kwanza chaweza kuwa kigumu kama kigae, na mama akasema kazi imeharibika. Lakini kikikaa kopoani siku nne au tano hulainika, na viungo huingiana. Hukaa wiki tatu, hata zaidi, bila kuoza. Ninasisitiza hapa, maana faida yake ni kubwa: kazi hii yaweza kufanywa katika Jumapili ya pili ya Majilio au ya tatu, na mama asiwe mtumwa wa jiko usiku wa Noeli, wakati wengine wanaimba kanisani.

Tanuri hatuna wengi wetu, tutapalia. Chukua sufuria kubwa nene, tia mchanga mkavu wa vidole viwili, juu yake weka vijiwe vitatu, na juu ya vijiwe sinia dogo la bati lililopakwa mafuta. Funika, uweke makaa machache chini, na mengi juu ya mfuniko. Asali huungua upesi kuliko sukari, basi moto uwe wa kiasi. Ujaribu kwa kunyunyiza unga kidogo juu ya sinia: ukiwa mweusi mara moja, punguza makaa, ukibadilika polepole kuwa rangi ya udongo mwekundu, moto ni sawa. Sukuma kinyunya kiwe nene kama kidole kidogo cha mtoto, ukate kwa mdomo wa glasi, au kwa kisu uwafanyie watoto nyota. Dakika 12 mpaka 15 zatosha. Vitoe vikiwa bado laini katikati. Kwa vipimo hivi utapata vikate mia hivi.

Asiyeweza kupata unga wote wa ngano aweza kuweka robo yake unga wa mchele au wa muhogo. Usizidishe, maana unga huo hauna ule mnato unaokishika kikate, nacho kitamomonyoka. Na aliye na mpunga tu, asihuzunike: watu wa pwani tangu zamani wanaoka vileja kwa unga wa mchele, samli, sukari, mayai na iliki, bila ngano hata chembe, navyo ni vizuri sana. Kwa hukumu yangu vinashinda biskuti nyingi za dukani.

Maonyo mawili, nayo walimu wayasome kwa sauti mbele ya watu. Mtoto asiyetimiza mwaka 1 asipewe asali kabisa, wala kikate cha asali, wala asilambishwe asali siku ya kuzaliwa kama ilivyo desturi ya wengine. Ndani ya asali, hata iliyo safi, mwaweza kuwa mbegu za kijidudu ambazo moto wa jikoni hauziui. Mtu mzima hazimdhuru, lakini katika matumbo ya mtoto mchanga huota na kutoa sumu inayolegeza viungo, hata pumzi. La pili ni karanga: zenye ukungu, zilizosinyaa au kugeuka rangi zitupwe. Sumu ya ukungu ule huharibu ini, na kuzikaanga hakuiondoi yote.

Sasa lile jambo la mfuko. Noeli katika Katavi haiji wakati wa mavuno. Inakuja mvua zimeanza, jembe liko shambani, ghala inapungua, na mavuno yangali mbali. Ndipo watu wanapokopa. Wako wanaouza mahindi yangali machanga shambani, kwa bei ya kusikitisha, ili wapate nguo mpya na mchele na soda kwa siku moja. Na mwezi wa pili watoto wanalala njaa kwa ajili ya siku ile. Na wako, nao si wachache, ambao kwa kukosa vitu hivyo wanaona aya kuja kanisani siku ya Noeli. Mjane anakaa nyumbani na watoto wake kwa sababu nguo zao ni za jana. Papa wa zamani aliuza ruhusa ya siagi. Sisi hatuuzi kitu, lakini desturi yetu imeweka kiingilio mlangoni pa sikukuu, na maskini wanaijua bei yake.

Katika Nehemia 8, watu walipolia kwa kusikia torati, waliambiwa waende wakale vilivyonona na kunywa vilivyo vitamu, tena wawapelekee sehemu wale wasiowekewa kitu. Neno la sehemu ndilo nawaomba wazee wa kanisa walitende. Nyumba kumi zikutane: mmoja alete unga, mwingine asali, mwingine mayai mawili, asiye na kitu alete kuni au mikono yake. Asikope mtu. Vikate vikiwa tayari, vihesabiwe kabla mtoto yeyote hajaonja, na sehemu za wajane, wagonjwa na wageni zitengwe kwanza. Katika nchi hii yenye Katumba na Mishamo, ambako wengi ni watoto na wajukuu wa watu waliokimbia Burundi mwaka 1972, hatuwezi kusema hatujui mgeni ni nani. Sehemu hizo zipelekwe Jumapili ya nne ya Majilio, yaani kabla ya Noeli, wala zisiwe mabaki ya tarehe 26. Na anayepeleka aseme wazi, Mama, twakungoja kanisani pamoja na watoto, na nguo ni hizo hizo.

Mwalimu wa shule ya Jumapili aweza kuwafundisha watoto habari hizi wakati wa kukata nyota, maana mikono ikiwa na kazi masikio husikia. Lakini awe na kopo lenye mfuniko wa kukaza, alikalishe juu ya rafu, mbali na sisimizi. Vikate vitakavyobaki vyaweza kukaa hata Epifania, tarehe 6 Januari, ikiwa watoto hawajaigundua ile rafu.