Makaa ya Magunzi katika Kasulu na Kibondo

Mahindi yakisha kupukuchuliwa katika vijiji vya Kasulu na Kibondo, mvua ikiwa imekatika, magunzi hurundikwa nyuma ya nyumba au pembeni mwa shamba. Machache hutiwa jikoni kuwa kuni. Yaliyo mengi hupigwa moto pale pale, yakateketea yakawa majivu, na upepo ukayachukua. Wakati huo huo mama wa nyumba ile, au binti yake, amekwenda porini kutafuta kuni, na njia yake kila mwaka yazidi kuwa ndefu. Katika somo hili twataka kueleza jinsi magunzi yale, pamoja na maganda ya karanga na ya kahawa, yawezavyo kugeuzwa kuwa makaa. Tena twataka kupiga hesabu ya haki, ili msomaji ajue atapata kiasi gani kabla hajatoka jasho.

Sababu za kuni kwenda mbali ni nyingi. Watu wameongezeka, mashamba yamepanuka, matofali huchomwa kwa magogo, na mabani ya tumbaku nayo yala kuni. Tena nchi hii ya mpakani imepokea wakimbizi mara nyingi. Kambi ya Nyarugusu, katika Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliokimbia vita ya Kongo. Mwaka 2015 Warundi walipoanza kuvuka kwa makundi makubwa, kambi hiyo ilijaa ikapita watu 150,000, ikawa hapana budi kufungua tena kambi ya Nduta katika Kibondo mwezi Oktoba wa mwaka ule ule. Kambi ya Mtendeli katika Kakonko ilifuata mwezi Januari 2016, nayo ilifungwa mwaka 2021. Kila mtu katika hao alihitaji moto wa kupikia, maana unga na kunde za mgao haziliwi mbichi. Hatuandiki haya kwa kuwalaumu wageni. Muha na Mrundi husikilizana pasipo mkalimani, na mti haumwulizi amkataye ametoka wapi. Lakini ni kweli ya kuwa wanawake wa kambini na wa vijijini wamegombea kuni katika pori moja, na wako waliopatwa huko na mabaya ambayo hayasimuliwi mbele ya watoto. Kwa hiyo kila mzigo wa kuni usiohitajiwa ni safari moja iliyoepukwa.

Sasa na tutazame makaa ni kitu gani. Ukichoma gunzi mahali penye hewa tele, sehemu yake yote iwezayo kuwaka huungana na hewa ikaondoka, yakabaki majivu. Lakini ukilitia gunzi lile lile katika joto kali na kulinyima hewa, haliwezi kuwaka, huvunjika tu. Kwanza maji hutoka kwa mvuke. Joto likipita nyuzi 200 za sentigredi gunzi laanza kubadilika rangi na kutoa moshi mzito, ambao ndani yake mna lami, siki na hewa ziwezazo kushika moto. Likikaribia nyuzi 400 au 500 moshi huisha, na kinachosalia ni kaboni, yaani makaa yenyewe, pamoja na majivu kidogo. Wataalamu huita kazi hii pirolisisi, na maana yake si zaidi ya kuvunja kitu kwa moto pasipo hewa. Mchoma makaa wa porini, afunikaye magogo yake kwa majani na udongo, afanya kazi hiyo hiyo ingawa hajapata kulisikia jina lake. Ila tanuru lake huvuja hewa, na mara nyingi katika kilo 10 za kuni hupata kilo moja au mbili tu za makaa.

Mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hili kwa kopo la bati lenye kifuniko. Atoboe kifuniko tundu moja kwa msumari mwembamba, ajaze kopo vipande vya gunzi kavu, akaze kifuniko, kisha aliweke juu ya moto nje ya darasa. Baada ya kitambo moshi utatoka katika lile tundu. Akiusogezea kijinga utawaka kama utambi wa taa, na watoto watafurahi sana. Ulimi wa moto ukififia wenyewe, aliondoe kopo kwa koleo, azibe tundu kwa udongo mbichi, aliache lipoe kabisa. Akifungua ataona vipande vyake vyeusi ti, navyo vina umbo lile lile la gunzi, hata vitundu vilivyoshika punje vyaonekana. Asilifungue lingali moto, maana hewa ikiingia makaa yatawaka.

Kwa kazi ya nyumbani chombo kifaacho ni pipa la mafuta la lita 200. Sehemu kubwa ya uso wa juu hukatwa, na bati lililokatwa, au jingine lipitalo ukubwa wa tundu, huwekwa akiba liwe kifuniko. Chini hutobolewa matundu matano au sita, kila moja kiasi cha kupitisha vidole viwili. Pipa huwekwa juu ya mafiga matatu ili hewa ipite chini. Simamisha gogo jembamba katikati, jaza magunzi makavu kulizunguka, kisha livute gogo utoke mfereji wa hewa. Washa. Mwanzoni moshi utakuwa mweupe na mzito, nao ndio maji; kaa upande utokako upepo. Moshi ukipungua na kuwa mwepesi, na moto ukiwa umeenea ndani yote, hapo ndipo penye ufundi. Ukiwahi kufunika, utapata magunzi ya kahawia yasiyoiva, yatoayo moshi jikoni. Ukichelewa, utapata majivu. Kwa pipa la magunzi makavu muda huo huwa kama robo ya saa au zaidi kidogo, lakini moshi ni saa iliyo bora kuliko ya mkononi. Funika juu, ondoa mafiga kwa mti mrefu pipa likae chini, kisha ziba kandokando zote kwa mchanga au udongo mbichi pasiachwe hata ufa. Liache saa mbili au tatu, au hata asubuhi.

Hapa twaonya kwa nguvu. Makaa yawakayo, yawe ya mti au ya magunzi, hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyoonekana wala kunuka. Nyanda za juu za Kasulu zina baridi usiku, na mtu huvutwa kuingiza jiko chumbani akafunga mlango na dirisha. Asifanye hivyo kamwe, kwa maana sumu hiyo humwua mtu usingizini.

Makaa ya magunzi yaweza kutumiwa yalivyo, ila ni mepesi na huisha upesi. Ili yakae motoni zaidi, yatwange, uyachanganye na uji wa muhogo, uyafinyange yawe madonge. Kilo moja ya unga iliyopikwa uji mzito yatosha vumbi la makaa kilo 10. Twajua yuko mama atakayekasirika akiona unga wa chakula ukimwagwa katika masizi, naye ana haki. Basi utumike unga ulioharibiwa na wadudu, au wanga unaotulia chini ya maji ya kukamulia muhogo. Udongo wa mfinyanzi nao hushika, lakini huongeza majivu na kupunguza moto. Donge likifinywa kwa nguvu ndipo liwakapo kwa muda mrefu. Wengine hutumia kipande cha bomba na mchi. Yaanikwe juani siku tatu au nne. Maganda ya karanga na ya kahawa, kwa kuwa ni madogo, hayafai jikoni ila kwa njia hii ya madonge.

Sasa hesabu. Tuseme ekari moja imetoa magunia 8 ya mahindi ya kilo 100. Magunzi yake yatakuwa kama kilo 150, nayo yakichomwa vizuri yatatoa makaa kama kilo 30. Nyumba ipikiayo makaa hutumia kama kilo 2 kwa siku. Basi ekari ile imeipa nyumba moto wa nusu ya mwezi, na mwenye ekari mbili amepata mwezi mmoja. Anayesema magunzi yatakomesha ukataji wa miti katika mkoa wa Kigoma asema zaidi ya hesabu yake. Hata hivyo mwezi mmoja si haba ukichaguliwa vema. Kiangazi kuni ni kavu na magunzi ni makavu: hiyo ndiyo majira ya kuchoma makaa na kuyatia katika magunia mahali pasipovuja. Mvua za Novemba zikianza, kuni zikawa mbichi na jiko likajaa moshi unaoumiza macho na vifua vya watoto, ndipo yatolewe. Serikali ya Tanzania ilizindua mwezi Mei 2024 mkakati wa kuwafikisha watu 80 katika kila 100 kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Lakini mtungi wa gesi una bei yake na safari yake, na magunzi yako nyuma ya nyumba tayari.

Si kila baki la kuchomwa. Mabua ya mahindi na majani ya maharage yaachwe shambani yaoze, au yaliwe na ng'ombe yarudi kama samadi, kwa sababu udongo mwekundu wa vilima vile umeoshwa na mvua za miaka mingi, na mwenye kuuondolea kila kitu atavuna mawe. Magunzi huoza polepole na hupendwa kidogo na wanyama, kwa hiyo hayo tuyachukue bila majuto.

Liko tena tumizi la mwisho, nalo ni la vumbi linalobaki. Katika bonde la mto Amazon, huko Amerika ya Kusini, iko ardhi nyeusi yenye rutuba ambayo wenyeji wa kale waliifanya kwa makaa, mifupa na takataka za nyumbani, na hata leo weusi wake haujatoka, maana kaboni ya makaa haiozi upesi. Vumbi la makaa hushika maji na mbolea, na majivu yaliyomo hupunguza uchachu wa udongo. Lakini lisitiwe shambani likiwa kavu na tupu, kwa kuwa litaanza kwa kunyonya mbolea iliyo ya mimea; lichanganywe kwanza na samadi, lilale majuma kadhaa. Shule yenye bustani yaweza kujaribu mwaka huu: matuta mawili ya maharage, yote yatiwe samadi sawasawa, na moja liongezewe vumbi hili, kisha mavuno ya kila tuta yapimwe kwa mizani mbele ya wanafunzi na wazazi wao.