SOMO LA MWEZI: Noti Yenye Kosa, Tuiweke au Tuiuze?



Siku ya mshahara hutokea mmoja wetu akakuta noti isiyofanana na nyingine: namba zimepinda, au upande mmoja haukuchapwa. Papo hapo hujitokeza mtu wa kumwambia, "Nipe hiyo, nitakulipa mara mbili." Tufanyeje? Tutazame mifano miwili ya nchi za mbali, kisha tutoe kanuni.

Australia. Oktoba 2018 Benki Kuu ya huko ilitoa noti mpya ya dola 50. Mei 2019 ikagunduliwa kwamba katika maandishi yake madogo mno neno moja limekosa herufi. Noti zipatazo milioni 46 zilikwisha chapwa hivyo. Benki ilisema noti ni halali, na kosa litasahihishwa katika uchapaji utakaofuata. Kitu kilichomo mikononi mwa mamilioni ya watu si adimu.

Marekani. Noti ya dola 20 ya toleo la 1996, iliyochapwa Fort Worth, Texas, iliangukiwa na kibandiko cha ndizi za Del Monte. Noti hizo hupita mashinani zaidi ya mara moja: picha kwanza, muhuri na namba mwisho. Kibandiko kiliingia katikati, ndiyo maana muhuri na namba vimechapwa juu yake. Huo ndio ushahidi. Kama mtu angekibandika nyumbani, wino ungekuwa chini.

Mwanafunzi mmoja wa Ohio aliipata noti hiyo mwaka 2004 katika mashine ya benki, akaiuza kwa dola 10,000 hivi. Mwaka 2006 ilinunuliwa mnadani kwa dola 25,300, na Januari 2021 kwa dola 396,000. Aliyeipata kwanza ndiye aliyelipwa kidogo kuliko wote.

Kanuni zetu basi ni hizi:

1. Tuchunguze kosa limeingia lini. Noti iliyochanika, iliyofuliwa au iliyomwagikiwa rangi haina kosa la kiwandani.

2. Tuilinganishe na noti nzuri, tukiinua zote mbili kwenye mwanga. Huenda ni bandia. Ikiwa hivyo, ipelekwe benki au polisi. Kumpa mwenzako huku unajua ni kosa la jinai.

3. Tusiuze siku ileile kwa mtu wa kwanza. Mlanguzi hupenda haraka. Tuulize bei kwa watu wawili watatu. Noti isioshwe, isipigwe pasi, isikunjwe.

4. Tusifungie sandukuni fedha ya unga na ada ya watoto. Noti huweza kufutwa. Mwaka 1987 Uganda ilibadili shilingi 100 za zamani kuwa 1 mpya, tena ikakata asilimia 30. Kenya ilikomesha noti za zamani za shilingi 1,000 baada ya tarehe 30 Septemba 2019.

Kwa kifupi: noti moja yenye kosa la kweli, ukiweza kuishi bila yake, iweke safi mpaka upate bei ya haki. Iliyo ya kawaida, itumie. Lakini tusisahau kwamba nyongeza ya mshahara hailetwi na makosa ya mashine. Huletwa na umoja wetu.

Maswali ya kujadili tawini:

(a) Kwa nini noti ya Australia haikupanda bei kama ile ya kibandiko?
(b) Mwenzako akipewa noti ya mashaka katika bahasha ya mshahara, tawi limsaidieje?