SOMO LA ROBO HII: Hewa Isiyoonekana Katika Banda la Kuku



Kamati zetu hukagua chakula, dawa na chanjo za kuku. Hewa ya ndani ya banda husahaulika. Leo tujifunze hewa mbili zenye madhara na namna ya kuzigundua.

1. Amonia
Hutoka kwenye kinyesi kinapooza katika maranda yaliyolowa. Huwasha macho na kudhoofisha njia ya hewa ya kuku, hata magonjwa ya mafua yakapata mlango. Wataalamu hushauri isizidi sehemu 25 katika kila sehemu milioni moja za hewa.

Pua hutambua amonia, lakini huizoea. Mtunzaji aliye bandani kila siku atasema hakuna harufu, huku mgeni akitokwa machozi. Kwa hiyo tusitegemee pua peke yake. Karatasi nyekundu ya litimasi ikiloweshwa kwa maji safi na kuachwa hewani hugeuka bluu penye amonia. Haionyeshi kiasi. Karatasi maalumu za kupimia amonia zina chati ya rangi inayokadiria kiasi hicho. Pima kwenye usawa wa vichwa vya kuku, maana wao wanavuta hewa ya chini.

Dawa yake ni kuondoa maranda mabichi, kuziba vyombo vya maji vinavyovuja na kufungua mapazia.

2. Kaboni monoksidi
Hutoka kwenye jiko la mkaa la kupashia vifaranga joto. Haina rangi wala harufu. Pua haiigundui kabisa, na karatasi za amonia haziionyeshi. Huua vifaranga, na huua mtu aliyelala humo akiwalinda. Kifaa cha betri chenye king'ora ndicho hutoa tahadhari, lakini hakichukui nafasi ya madirisha. Tunasisitiza: mtu yeyote asilale kwenye chumba chenye jiko la mkaa.

Kwa wafadhili wetu: mkikuta karatasi za kupimia na king'ora kwenye bajeti ya mradi, msidhani ni anasa. Vinalinda kuku, na zaidi vinalinda kijana anayewatunza.

Maswali ya kujadili katika kamati
- Nani anakagua hewa ya banda letu, na lini?
- Mlinzi wa vifaranga hulala wapi?
- Banda linaingiza hewa hata usiku wa baridi?