Elimu Bila Amali

Maana ya "faida" niliikariri nikapata alama zote. Halafu baba, mkulima hapa Nyeri, akanipa karatasi ya malipo ya kahawa: "Haya msomi, tumepata ama tumepoteza?" Nikaduwaa! Kumbe kilo 6 hadi 7 za kahawa iliyochumwa hutoa takriban kilo 1 safi; tena utoe mbolea, dawa na vibarua.

Mtaala ulioanza nchini kote mwaka 2019, kurithi 8-4-4 ya 1985, unauita uwezo huu umilisi: kujua jambo na kulitumia. Watafiti wa elimu ya uchumi hupima hilo hilo.

Zoezi: keti na mzazi, mpige hesabu ya shamba lenu. Wahenga walisema, elimu bila amali ni kama nta bila asali.