Kuchagua Vifaa vya Kujifunzia Mtandao wa Kompyuta Nyumbani

Malipo ya korosho yanapoingia, wapo wazazi wa Masasi na Newala wanaotenga fedha kwa ajili ya elimu ya watoto wao. Kwa kijana anayejifunza ufundi wa mtandao wa kompyuta, fedha hizo huweza kupotea akinunua mitambo mikubwa kabla ya kujua kazi yake. Ufuatao ni utaratibu wa kununua kwa hatua.

Kwanza, kompyuta. Kompyuta mpakato yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 hutosha kuendesha Packet Tracer, programu ambayo kampuni ya Cisco huitoa bure kwa anayejisajili katika masomo yake ya Networking Academy. Humo mwanafunzi huunganisha ruta na swichi za kuigiza, huzipangia anwani, hukosea na kurekebisha bila kuharibu kifaa chochote.

Pili, vifaa vya kazi ya mikono, ambayo programu haiwezi kuifundisha. Nunua mita chache za kebo ya Cat5e, vichwa vya RJ45, koleo la kubania vichwa hivyo na kipima kebo. Ndani ya kebo mna nyaya 8 zenye rangi. Mpangilio wake ukikosewa, mawasiliano hayapiti.

Tatu, swichi. Chagua ndogo ya matundu 5 au 8 inayoweza kupangwa, ili ujifunze kuugawa mtandao mmoja katika sehemu kadhaa. Swichi kubwa ya ofisi iliyokwishatumika huvutia kwa bei, lakini hesabu umeme wake. Swichi ya wati 60 ikiwashwa saa 5 kila siku hutumia uniti 9 za LUKU kwa siku 30; ya wati 5 haifikishi hata uniti 1.

Kabla ya kulipia kifaa kilichotumika, omba kiwashwe mbele yako, jaribu kila tundu, kisha hakikisha kinarejea katika hali ya kiwandani. Kama bado kinadai nywila ya mmiliki wa awali, kiache. Na kwa kuwa umeme hukatika, jizoeze kuhifadhi mipangilio kila unapokamilisha hatua.

Kijana anayeweza kubana kebo, kupanga swichi na kueleza kwa nini kompyuta mbili haziwasiliani, ana ujuzi unaohitajika shuleni, katika zahanati na katika vyama vya ushirika. Haba na haba hujaza kibaba.