Mgonjwa Aliyezidiwa na Dawa za Kuchangamsha: Mwongozo kwa Watumishi wa Zamu

Mwongozo huu unawahusu matabibu na wauguzi wa chumba cha dharura, hasa katika vituo vya afya na hospitali za wilaya za mwambao, ambako mgonjwa hushushwa kwenye bajaji usiku akiwa ameshikiliwa na watu wanne. Ametumia kokeini, methamfetamini au kidonge cha ekstasi. Mirungi nayo ina kathinoni, kemikali ya ukoo mmoja na amfetamini. Mara nyingi haimfikishi mtu kwenye hali mahututi, lakini aliyetafuna akaja akilalamikia kifua asidharauliwe.

Utamtambua kwa macho na kwa kiganja. Mboni zimepanuka, moyo unakwenda mbio, presha iko juu, hatulii kitandani, anazungumza na watu wasiokuwepo. Mguse kwapani: ameloa jasho. Aliyezidisha atropini naye huchachawa na mboni zake hupanuka, ila ngozi yake huwa kavu. Kumbuka pia kwamba malaria kali, homa ya uti wa mgongo, sukari iliyoshuka na kuacha pombe ghafla huweza kumfanya mtu avurugikiwe hivyohivyo. Pima sukari mara anapofika, na malaria papo hapo kitandani. Kipimo cha mkojo cha dawa za kulevya hakibadilishi matibabu ya saa ya kwanza, kwa hiyo kisisubiriwe. Fomu ya polisi, PF3, nayo isisubiriwe.

Kinachomuua haraka mgonjwa huyu ni joto. Dawa imewasha mwili, misuli inakakamaa na kupambana, na kila dakika ya kupambana inaongeza moto. Joto likipita 40 misuli huanza kuvunjika, damu hushindwa kuganda vizuri, ini na figo huumia. Ndiyo maana kipimajoto kitangulie mashine ya presha. Pima kwa njia ya haja kubwa kila inapowezekana, maana kwapa lililoloa jasho hudanganya.

Niliwahi kukuta kijana amelazwa kifudifudi sakafuni, mikono imefungwa kwa bandeji nyuma ya mgongo, mlinzi amemkalia kiunoni. Walioniita walisema sasa ametulia. Alikuwa ametulia kwa sababu pumzi ilikuwa inamwishia, na hakuna aliyekuwa amempima joto. Hatukuweza kumrudisha. Kwa hiyo naliandika hili bila kupunguza neno: mgonjwa huyu asilazwe kifudifudi, asikaliwe, asifungwe akaachwa. Kama lazima ashikwe, ashikwe chali au ubavu, kwa dakika zinazotosha sindano tu.

Sindano yenyewe ni diazepamu, miligramu 5 hadi 10 kwenye mshipa, polepole, ikirudiwa kila baada ya dakika 5 hadi 10 mpaka atulie. Wengi huhitaji dozi kubwa kuliko tulivyozoea, na woga wa dozi ya pili umepoteza wagonjwa. Mshipa usipopatikana, choma midazolamu miligramu 5 hadi 10 kwenye msuli. Diazepamu ya msuli haiaminiki. Dawa hizi hutuliza fujo, huzuia degedege, hupunguza presha na mapigo, na hukata chanzo cha joto. Haloperidoli isiwe chaguo la kwanza, kwani huweza kukaribisha degedege na kuvuruga umeme wa moyo. Degedege likiendelea, nenda kwenye fenobabitali. Fenitoini haisaidii hapa. Baada ya kila dozi hesabu pumzi, mfuko wa ambu ukiwa karibu. Akisinzia kupita kiasi na mboni zikawa ndogo kama tundu la sindano, huenda alichanganya na heroini, naye anahitaji naloksoni.

Joto likiwa 40 au zaidi, poza sasa, wala usingoje diazepamu ifanye kazi. Paracetamoli haitashusha joto hili. Njia ya kasi zaidi ni maji yenye barafu: mtandaze juu ya turubai, watu wainue kingo, mwageni maji na barafu mpaka kifua kizame, kichwa kikiwa nje na mtu mmoja akilinda njia ya hewa. Hospitali isiyo na barafu itume mtu kwa wauza samaki, nao huwa nayo. Feni na shuka lililolowa husaidia, lakini katika miezi ya fukuto, Desemba hadi Machi, hewa ya pwani imejaa unyevu na maji hayakauki upesi mwilini, hivyo feni peke yake haitoshi. Lengo ni kushuka chini ya 39 ndani ya dakika 30. Ukifika hapo mtoe, asije akapoa kupita kiasi.

Presha ikibaki juu baada ya diazepamu ya kutosha, tumia nitrogliserini. Propranololi na atenololi ziacheni kabatini: kwa aliyetumia kokeini zinaweza kuiacha mishipa ijibane bila kizuizi. Mwenye maumivu ya kifua apewe aspirini miligramu 300 atafune, na apimwe umeme wa moyo. Mawimbi ya QRS yakiwa yamepanuka baada ya kokeini, sodiamu baikaboneti milimoli 1 hadi 2 kwa kilo huweza kuokoa maisha.

Dripu ya maji ya chumvi ianze mapema, na mkojo uangaliwe kwa macho. Ukiwa kama chai ya rangi, misuli inavunjika na figo ziko hatarini, na potasiamu inaweza kupanda. Mpeleke hospitali ya rufaa huku dripu ikiendelea. Wa ekstasi ni tofauti kidogo. Huenda amekunywa maji mengi mpaka sodiamu ikashuka, na akipata degedege anahitaji maji ya chumvi ya asilimia 3, mililita 100 hadi 150. Abiria aliyemeza kete za kokeini akaanza kuonyesha dalili hizi ni mgonjwa wa upasuaji saa hiyohiyo, kwa sababu kete imepasuka tumboni.

Methamfetamini hukaa mwilini muda mrefu, na dalili zinaweza kurudi diazepamu inapoisha. Asiruhusiwe kwenda nyumbani kabla joto, mapigo na akili havijakaa sawa bila dawa. Asizomewe, wala jina lake lisitajwe korido nzima. Aliyeaibishwa hospitalini, safari ijayo atabaki kichochoroni.

Zamu ya leo usiku, kabla ya kupokea mgonjwa wa kwanza, hakikisheni kipimajoto, diazepamu, mfuko wa ambu na turubai viko mahali pamoja, na kila mtu wa zamu anapajua.